Jedwali la Mlinzi

Kama umewahi kufa kwa nimonia huku umekaa kwenye kiti, umeshika kikombe cha chai ya tangawizi na afya yako haina neno, basi bila shaka uliwahi kucheza mchezo wangu. Hapa Mafinga wachezaji walikuwa wawili, na wote wawili walikufa hivyo. Mmoja alikufa mara mbili.

Nieleze kwanza, maana mtu akisikia "mchezo wa mezani" anafikiria bao au karata. Huu ni mwingine. Mnakaa mezani, mmoja wenu anasimulia dunia jinsi ilivyo, huyo ndiye mwendeshaji. Wengine kila mmoja anabeba mtu wake wa kubuni na kusema anachotaka kufanya. "Navuka mto." "Napanda mlima." Pale ambapo haijulikani kama ataweza au hataweza, inarushwa dadu, na sheria zinasema namba iliyotoka ina maana gani. Watu wenye akili zao wanaucheza wanakuwa mashujaa, wanaua majoka, wanarudi nyumbani wamefurahi. Mimi nilikuwa mwendeshaji, na kwangu hakuna aliyewahi kulifikia joka. Walikuwa wanafia njiani.

Shida yangu ilikuwa uhalisia. Nilitaka sheria ziige maisha yenyewe, bila huruma. Nilikuwa na jedwali la malengelenge ya miguu. Nilikuwa na jedwali la kuni mbichi. Nilikuwa na jedwali la ulanzi, glasi kwa glasi, kuanzia kuchangamka hadi kulala mtaroni. Na nilikuwa na jedwali la baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba, ambalo ndilo lililowamaliza hao niliowataja. Nililionea fahari sana. Mwalimu wa jiografia wa sekondari atajivunia nini kingine?

Wachezaji wangu walikuwa fundi seremala mwenye karakana karibu na nyumba niliyopanga, na muuguzi mmoja wa hospitali, dada mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Tulikutana Jumamosi jioni pale karakanani, katikati ya maranda. Dadu alizichonga fundi mwenyewe kwa mabaki ya mbao za paini. Moja ilikuwa na kifundo kizito upande mmoja, kwa hiyo kila ukiirusha inatoa tatu. Nilipomwambia kwamba dadu ya namna hiyo inaharibu uhalisia, fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, wewe hujawahi kuona mtu ambaye kila siku ni tatu? Njoo ukae na mimi hapa wiki moja."

Muuguzi yeye hakuwa anacheka. "Kaka mwalimu," aliniambia siku shujaa wake alipokunywa maji ya mto, "nimetoka wodini sasa hivi. Huko nimeacha watu wanaharisha. Nimekuja hapa nipumzike. Halafu unaniambia nirushe dadu nijue huyu naye ataharisha mara ngapi?"

"Hakuchemsha maji. Sheria ndiyo hiyo."

"Mashujaa hawaharishi!"

"Wanaharisha, ila hawasimulii."

Ndivyo nilivyokuwa. Kero tupu, lakini kero yenye majedwali.

Basi siku moja mama akanipigia simu kutoka Ubaruku. Ni mkulima wa mpunga tangu sijazaliwa. Alinisalimia, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mama yako mdogo anahamia Mbeya kwa binti yake. Magoti yamemshinda. Hatalima tena."

"Amekuambia lini?"

"Aniambie mimi? Nimesikia kwa muuza maandazi."

Mama na mama mdogo ni wawili tu kwao, wote wengine wamekwisha kufa. Majaruba yao ya mpunga yanagusana, yametenganishwa na kingo moja ambayo ukinyoosha mguu umeshaivuka. Kutoka nyumba ya mmoja hadi ya mwingine ni kipande cha shamba la mahindi. Na habari ya ndugu yako wa pekee kuhama unaipata kwa muuza maandazi, ukiwa unasubiri chenji. Walikuwa hawasemeshani kwa miaka. Sasa mmoja angepanda gari na kuondoka, na mambo yangebaki hivyo hivyo mpaka mmojawapo azikwe.

"Haya, kazi njema baba," mama akasema, akakata simu.

Ugomvi wao ulianza kwa maji. Kule maji ya mfereji yanakwenda kwa zamu. Siku ya zamu yako unafika kwenye kigawio, yaani pale mfereji unapogawanyika, unaziba njia iendayo chini kwa mifuko ya matope, na maji yote yanaingia kwako mpaka saa zako ziishe. Mifuko ile si saruji. Maji yanaichimbua taratibu kwa chini, kwa hiyo lazima mtu akae pale aiangalie, arudishie matope, akanyage. Mwaka ule, ni miaka sita sasa, mvua zilikata mapema na mpunga ulikuwa unachanua, wakati ambao ukikosa maji unapata mapepe, makapi yasiyo na punje ndani. Zamu ya mama ilikuwa asubuhi hadi saa saba mchana. Saa saba ilipofika, jaruba la mama lilikuwa kavu linapasuka, na la mama mdogo, lililo chini yake, limejaa maji mpaka vyura wanafanya sherehe.

Mama alipiga kelele mfereji mzima ukasikia. Alimwita mdogo wake mwizi wa maji mbele ya marehemu baba, mbele ya majirani, mbele ya kila mwenye jembe. Mama mdogo alikuwa ndiye mtunza zamu wa mfereji wetu, ndiye aliyeshika daftari la zamu za watu wote, kazi ambayo aliipenda kuliko nguo zake za kanisani. Alinyang'anywa siku hiyo hiyo. Na kwa nini asinyang'anywe? Mtunza zamu anayejifungulia maji!

Sasa niseme ambalo muuguzi na fundi walikuwa hawalijui, na nilidhani hakuna anayelijua. Mlinzi wa kigawio asubuhi ile nilikuwa mimi, na sikulinda. Nilikuwa likizo kutoka chuoni Iringa, mtu mzima mwenye ndevu, nimepewa kazi ambayo hata kuku aliyefungwa kamba angeweza kuifanya: kaa hapo, angalia mifuko. Nikakaa. Nikaiangalia kama robo saa hivi. Kisha nikatoa daftari langu la mchezo, nikasogea kwenye kivuli cha kibanda, hatua ishirini kutoka pale, nikaanza kuandika sheria. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa utosini na mifuko ilikuwa imelala pembeni. Nilikimbia, nikarundika matope, nikateleza, daftari likaanguka sijui wapi. Maji yalikuwa yameshapita. Halafu mama akaja, akapiga kelele zake kwa mtu asiyehusika, na mimi nikasimama pale na matope mpaka magotini, nikafunga mdomo.

Nilikuwa na sababu, msinione mbaya bure. Baba alikuwa ameshanikuta na daftari la namna ile mwanzoni mwa likizo. Alisoma ukurasa mmoja, ukurasa wa malengelenge, akaufunga polepole. Akasema, "Nikiliona tena hili, chuo basi. Utarudi kushika jembe." Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Kwa hiyo nikanyamaza mpaka nimalize chuo. Nikamaliza. Nikanyamaza mpaka nipate kazi. Nikapata. Baba akafariki, nikanyamaza mpaka msiba utulie. Unaona jinsi mtu mwenye sababu anavyokwenda mbali.

Kwa hiyo mama aliponiambia habari ya Mbeya, nilifanya nini? Nilipanda gari nikaenda kusema ukweli? Thubutu! Nilitunga mchezo.

Niliwaambia wenzangu ni mchezo wa kufundishia wanafunzi umwagiliaji. Fundi akanichongea ubao wa paini wenye mifereji midogo, kigawio, na majaruba mawili, la juu na la chini. Mazuri hasa, mpaka kingo alizitia msasa. Mimi nikaandika sheria: kasi ya maji, kiu ya mpunga, mifuko inachimbuliwa kiasi gani kila saa. Na mlinzi, ambaye kila saa anarushiwa dadu kuona kama yuko macho. Nilichokitaka hasa, ambacho sikukitamka, ni mchezo uniambie kwamba mpunga ule ungekufa tu hata kama nisingetoa macho kwenye ile mifuko. Dadu haina upendeleo. Dadu ingesema hivyo, ningepumua, na pengine ningepata hata ujasiri wa kwenda kusimulia.

Tulicheza Jumamosi ya kwanza mara kumi na moja. Mlinzi akiwa macho, mifuko inateleza, anarudishia, mpunga unapona. Mlinzi akiwa hayupo, mapepe. Mara kumi na moja, bila hata moja ya kunionea huruma.

Nikasema sheria hazijakamilika. Jumamosi ya pili nikaleta kaa wa mfereji wanaotoboa kingo. Mpunga ukapona, kwa sababu mlinzi aliona tundu akaliziba. Jumamosi ya tatu nikaleta upepo, nikaleta mtu wa juu anayeiba maji. Nikaleta kiboko. Muuguzi aliniangalia.

"Kiboko anatoka wapi?"

"Mtoni."

"Kwenye mfereji wa upana huu?" Akanionyesha kwa viganja. "Kaka, wewe ulinikatalia shujaa wangu asiharishe, leo unapitisha kiboko kwenye mfereji?"

Nikasema kiboko mdogo. Hapo fundi akaweka dadu chini. Yeye ni mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, hata kwenye maneno.

"Mwalimu, mimi nimehesabu. Kila wiki unaongeza sheria, na kila sheria unayoongeza ni ya kumtoa mlinzi kwenye kosa. Huyu mlinzi ni nani?"

Nikajibu ni mlinzi tu, wa kubuni. Muuguzi akaichukua ile dadu ya kifundo, akanisogezea mkononi.

"Mtupie hii basi. Itatoa tatu, tumalize. Wodini tukimwona mtu anageuza geuza maelezo ya alivyoumia, tunajua alikuwa wapi."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na kule Mafinga masikio kupata moto si jambo dogo. Niliwaambia yote. Hawakunipa pole hata moja. Fundi aliufunga ubao kwenye gunia, akanikabidhi, akasema kesho kuna magari mengi ya kwenda Igawa, njia ya Ubaruku.

Nikaenda. Lakini msidhani nilikwenda kama mwanaume. Nilikwenda na gunia. Nilipofika Ubaruku nikampa mama shikamoo, nikala wali na dagaa, kisha nikautandaza ubao uani nikamwambia naomba anisaidie kukagua sheria za mchezo wa shule. Mpango wangu ulikuwa ukweli utoke wenyewe mahali fulani kwenye sheria, mimi nikiwa naangalia pembeni.

Mama aliusoma ubao kwa dakika moja tu.

"Nani kakuambia maji yanafika kwa saa moja kutoka banio la mtoni?"

"Nimekadiria."

"Umekadiria." Alilitamka kama anatema mbegu ya limao. "Ni saa moja na nusu, na kama watu wa juu wanaotesha miche, mbili. Na hili jaruba la chini umelilaza vibaya. Lina mteremko huku. Lakini mimi ya chini hayanihusu, kamuulize mwenyewe."

Nikaandika hapo saa moja na nusu, nikabeba ubao, nikavuka mahindi. Mama mdogo alikuwa anafunga vyombo kwenye kitenge. Nyumba nusu imeshakuwa tupu. Nilimsalimia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Lakini nilipouweka ubao chini, macho yakamponyoka.

"Nani kasema saa moja na nusu?"

"Mama."

"Mwambie mwenye jaruba la juu saa moja na nusu ilikuwa kabla mfereji haujajaa matope. Siku hizi ni mbili. Yeye anahesabu za zamani."

Nikarudi na ubao. Ubao wa paini mbichi si mwepesi, naomba mjue. Mama akasema mwambie mwenye jaruba la chini kwamba mbili ni za mvivu asiyesafisha upande wake. Nikavuka mahindi. Mama mdogo akasema mwambie upande wake yeye ndio wenye magugu, na kigawio kimechorwa kushoto sana. Nikavuka mahindi. Nilikuwa natokwa jasho kama gunia la chumvi, na wao kila mmoja amekaa kwenye kigoda chake anapata hewa. Kizuri ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniambia nenda zako. Walikuwa hawasemeshani miaka, lakini kuona mfereji umechorwa makosa na kunyamaza, hilo lilikuwa juu ya uwezo wao.

Safari ya tano mama mdogo alisimama, akashika goti, akasema, "Beba twende!" Akatangulia yeye. Alivuka mahindi kwa hasira, akaingia uani kwa mama, akavuta kigoda, akakaa. Mama akasogeza sufuria ili apate nafasi, akiangalia angani.

Wakaanza kucheza. Mama jaruba la juu, mama mdogo la chini, na mimi, maana hakukuwa na mwingine, mlinzi. Walikuwa wamekaa umbali wa mkono mmoja, na kila neno lilipitia kwangu.

"Mwambie mwenye jaruba la chini arushe dadu yake, tusikeshe."

"Mama anasema urushe."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

"Anasema amesikia."

Kisha mama mdogo akanyoosha kidole kwenye kijiti kilichosimama pale kigawioni. "Na huyu anafanya nini?"

"Ni mlinzi. Kila saa anarushiwa dadu. Moja, amekwenda haja. Mbili, kaa ametoboa kingo kwingine, amekwenda kuziba. Tatu, ameitwa na jirani. Nne..." Nilisoma jedwali lote, na kadiri nilivyosoma nilijisikia ninapungua, kila namba ina udhuru wake, na hakuna hata namba moja yenye kosa. Mama alinyanyuka, akaingia ndani. Nilisikia anafungua sanduku.

Alirudi na mfuko wa nailoni wa mkate. Ndani yake mlikuwa na daftari langu. Limekakamaa kwa matope ya miaka sita, kurasa zimeshikana, lakini mwandiko ni wangu, hauna ubishi. Alilifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaniwekea juu ya ubao.

"Kuna sheria umeisahau," akasema. "Soma."

Juu ya ukurasa niliandika, kwa herufi kubwa na mstari chini yake: JEDWALI LA MLINZI. Chini: namna ya kujua kama mlinzi wa lango atamwona adui anayepita mbele yake. Ndicho nilichokuwa naandika asubuhi ile. Nimeandika hadi namba nne. Namba ya tano imeishia katikati ya neno. Mtu angenisimulia ningesema anatia chumvi.

"Mliliokota wapi?" niliuliza.

"Mwambie," mama mdogo akasema, safari hii akimwangalia mama kidogo tu, kisha akageuka akanisimulia mwenyewe. "Nililiokota mimi. Nilikuja kuona kwa nini maji yananijia siku isiyo yangu. Wewe ulikuwa unarundika matope kule, hukuniona. Nikampelekea mama yako kabla baba yako hajafika. Tulikaa kwenye kingo, hata robo saa haikuisha. Alikuwa analia, anasema shemeji yangu atamtoa huyu chuo. Nikamwambia basi nigombeze mimi. Pale pale, mbele ya watu. Nigombeze kweli kweli."

Jamani! Mimi, bingwa wa uhalisia, niliyeua watu wawili kwa nimonia ya kubuni, nilisimama hatua kumi kutoka kwa wanawake wawili wanaoigiza na sikugundua kitu. Hawakuwa na dadu. Hawakuwa na jedwali.

"Kwa hiyo hamjawahi kugombana?" Nilijikuta natabasamu kama mjinga.

"Kaa kimya," mama akasema.

"Nilisema nitabeba mpaka amalize chuo," mama mdogo akaendelea. "Akimaliza atasema mwenyewe. Walininyang'anya daftari la zamu, nikasema sawa. Watoto wakawa wananiita mwizi wa maji nikipita, nikasema sawa, si miaka miwili tu? Siku ya sherehe yako ya kuhitimu nilikaa mbele. Ukashika kipaza sauti. Ukamshukuru Mungu, ukawashukuru walimu, ukamshukuru mpaka aliyepika pilau. Nikawa nangoja. Ukakaa, ukala keki."

"Baba alikuwepo, mama mdogo."

"Cheti si ulikuwa nacho mkononi? Angekunyang'anya?" Alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Jioni yake nikamwambia mama yako, mwambie mwanao aseme. Akanijibu mwache mtoto, atasema akiwa tayari. Hapo ndipo tulipogombana. Ule wa kwanza tuliigiza. Huu ni wa kweli."

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, mwalimu mzima, nikasema nilikosa, ni mimi, naomba mnisamehe. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kwenye mchezo wowote, mtu akipiga magoti mambo huisha.

Mama mdogo alisimama akikamata goti lake. "Mimi hukunichafua hapa uani," akasema. "Ulinichafua mferejini. Kesho wanasafisha mfereji." Akavuka mahindi, akarudi kufunga vyombo.

Kabla msimu haujaanza kila mwenye jaruba anafika na jembe kutoa matope na magugu kwenye mfereji, asiyefika hapewi zamu. Asubuhi ile walikuwa watu kama hamsini. Mama mdogo naye alikuja, kumwonyesha mipaka mtu atakayelima jaruba lake. Walimpisha njia namna ile watu wanavyompisha mtu wasiyetaka kumgusa, na niliona, kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa amezoea.

Nilisimama kwenye kigawio. Nilitamani sana kuwe na namba ya kurusha, kusema kweli. Mtu arushe, itoke sita, sauti yangu itoke vizuri. Haikutoka vizuri. Nilisema siku ile mama mdogo hakufungua maji. Mlinzi nilikuwa mimi, niliacha mifuko nikakaa kivulini naandika mambo yangu, maji yakapita. Nikasema nimelijua hilo siku zote. Majembe yalisimama. Mtu mmoja akasema, "Miaka sita?" Mwanamke mmoja akanisonya, msonyo mrefu wa haki kabisa. Yule mwenye daftari la zamu sasa hivi alilitoa mfukoni, akaliangalia, akalirudisha. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyemwomba mama mdogo radhi kwa sauti. Ila yule aliyekuwa karibu naye alisogea, akaanza kulima upande wa mama mdogo, ule wenye matope mengi, bila kuambiwa.

Bado Ijumaa angeondoka. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa na magoti yalikuwa yale yale.

Nilichukua jembe la mama nikaingia mferejini, katikati yao, mama juu yangu na mama mdogo chini yangu, nikawa natoa matope. Tulikwenda hivyo muda mrefu. Kisha nikasikia mama mdogo ameacha kung'oa magugu.

"Huyu mtoto wako," akasema, "anashika jembe kama kalamu."

Niliinuka, nikageukia upande wa mama, nikafungua mdomo nimfikishie.

"Nimemwona, mdogo wangu," mama akasema, akipitisha maneno juu ya kichwa changu. "Mfundishe wewe. Mimi nimeshindwa."

Nikafunga mdomo, nikainama, nikaendelea na matope.